Uvimbe wa Titi na Kisu cha Daktari

Wale mlio katika vikundi vya kusikiliza, kaeni vizuri, na katibu wa kikundi awe na kalamu na karatasi tayari, kwa sababu mwisho wa somo nitawapa maswali ya kuzungumza.

Somo la leo lawahusu zaidi akina mama, lakini akina baba msiondoke. Kwanza, wengi wenu ndio mnaoulizwa nyumbani, "Baba Fulani, niende hospitali au nisiende?" Pili, ugonjwa wenyewe huwapata wanaume pia, ingawa ni wachache, kiasi cha mmoja katika kila wagonjwa 100. Nataka tuzungumze habari za saratani ya titi, ambayo wengi huiita kansa, na habari za kisu cha daktari.

Naanza na jambo ambalo ninyi wenyewe mwalijua. Mama anaoga, na mkono wake unagusa kitu kigumu ndani ya titi, mfano wa kokwa ya tunda. Hakimwumi. Anakaa kimya. Mwezi unapita, miezi sita inapita, pengine mwaka mzima. Baadaye, ukimwuliza kwa nini hakusema, atakujibu, "Niliogopa. Nilijua nikienda watanikata titi." Mwingine atasema, "Nilisikia kwamba uvimbe ukiguswa na kisu ndipo unapoamka na kuenea mwilini."

Basi, mama huyu hakuukimbia ugonjwa, alikikimbia kisu. Na kwa kukikimbia kisu kidogo amejiletea kisu kikubwa, au amefika wakati ambapo kisu hakiwezi kumfaa tena. Kwa hiyo leo na tukitazame kisu chenyewe: zamani kilikata nini, siku hizi kinakata nini, na ni nani aliyekifundisha kukata kidogo.

SIKU ZA MAUMIVU

Mwaka 1811 bibi mmoja Mwingereza, mwandishi wa hadithi jina lake Fanny Burney, alikuwa akikaa Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Alipatwa na uvimbe katika titi la kulia, na madaktari wakamshauri likatwe. Siku zile nusukaputi ilikuwa haijajulikana katika Ulaya. Alipewa kinywaji cha mvinyo, akafunikwa uso kwa leso nyembamba, na wapasuaji wakaifanya kazi yao nyumbani kwake, hali yeye yu macho na kusikia kila kitu. Miongoni mwao alikuwamo Larrey, mpasuaji mashuhuri wa majeshi ya Napoleon. Baadaye bibi huyu alimwandikia dada yake barua ndefu kumweleza yote yaliyompata. Aliishi miaka 28 zaidi.

Huko Japani, miaka saba kabla yake, yaani mwaka 1804, daktari Hanaoka Seishu alikuwa amekwisha mlaza mama wa miaka 60 kwa dawa ya mitishamba ya kunywa, akamtoa uvimbe wa titi bila ya mama yule kusikia maumivu. Lakini Japani ya siku zile ilikuwa imefunga milango yake kwa wageni, na habari hiyo haikusafiri. Wazungu walingoja mpaka mwaka 1846, nusukaputi ya etha ilipoonyeshwa mbele ya watu mjini Boston, Marekani. Tangu hapo mpasuaji aliweza kufanya kazi polepole bila ya kumtesa mgonjwa. Na miaka ishirini hivi baadaye, Lister wa Uingereza alipofundisha kuua vijidudu vya vidonda kwa dawa, wagonjwa waliacha kufa ovyo kwa usaha.

Lakini angalieni jambo moja. Maumivu yalipoondoka, na usaha ulipopungua, kisu kilipata uhuru. Na kilipopata uhuru, kikaanza kukata zaidi.

DAKTARI HALSTED NA MAGUGU YA NDAGO

Katika mji wa Baltimore, Marekani, kulikuwa na mpasuaji mmoja hodari sana, William Halsted. Mkono wake ulikuwa mwepesi lakini hauna haraka. Yeye ndiye aliyeanza kuleta mipira ya kuvaa mikononi katika chumba chake cha upasuaji, kwa sababu dawa ya kunawia ilikuwa ikiiunguza mikono ya muuguzi wake.

Halsted aliifikiri saratani hivi. Ilikuwa kwake kama ndago shambani. Mkulima anayeijua ndago anajua kwamba haifai kukata majani yake tu. Mizizi yake hutambaa chini ya udongo, nawe ukiacha kijizizi kimoja, kesho yaota tena. Basi dawa ya ndago ni kuchimba mbali na kuchimba chini. Halsted alisema saratani nayo hutambaa kutoka titi kwenda katika tezi za kwapani, na kutoka hapo kwenda mbele. Kwa hiyo alikata titi lote, akakata misuli ya kifua iliyo chini yake, akatoa na tezi zote za kwapani, vyote kwa pamoja.

Mwaka 1894 alitangaza habari za wagonjwa wake 50. Katika hospitali nyingine nyingi za siku zile, uvimbe ulirudi mahali pale pale kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Kwa wagonjwa wake ulirudi kwa wachache sana. Madaktari walistaajabu, wakamwiga. Kwa muda wa miaka 80 hivi, wanawake wa Marekani na wa nchi nyingine nyingi walikatwa kwa namna ya Halsted.

Tusimlaumu. Wagonjwa waliomjia walikuja wamechelewa, uvimbe umekwisha kuwa mkubwa, naye aliwapa kilicho bora kuliko walichokuwa nacho. Lakini hebu tuitazame gharama yake. Mama alibaki na kifua kilichoingia ndani, ngozi imeshikamana na mbavu. Mara nyingi mkono wa upande ule ulivimba, kwa sababu maji ya mwili yaliyokuwa yakipita katika tezi za kwapani hayakuwa na njia tena. Mkono uliovimba hauwezi kutwanga, hauwezi kulima, hauwezi kutwika ndoo kichwani.

Tena desturi ilikuwa hivi: mama alilazwa kwa nusukaputi hali hajui kama uvimbe wake ni saratani au si saratani. Akiwa usingizini, daktari alikata kipande, kikatazamwa kwa hadubini papo hapo, na kikionekana kibaya, titi lilikatwa wakati ule ule. Mama alipoamka alijipapasa kifua kujua habari yake. Mwaka 1974 mwandishi wa magazeti wa Marekani, Rose Kushner, alipata uvimbe, akakataa kulazwa kwa namna hiyo. Alitaka kwanza aambiwe ugonjwa wake, kisha aamue yeye mwenyewe hali yu macho. Akaandika, akasema, akawasumbua wakubwa. Mwaka 1979 wataalamu waliokutanishwa na serikali ya Marekani, naye akiwamo, walikubali kwamba uchunguzi uwe siku yake na upasuaji uwe siku yake.

HESABU YA MASHAMBA

Sasa tufike katika kiini cha somo. Kulikuwa na jambo moja ambalo kisu cha Halsted hakikuweza kulitatua. Uvimbe haukurudi kifuani, lakini wagonjwa wengi walikufa baadaye kwa saratani iliyozuka penginepo: katika mifupa, katika mapafu, katika ini. Ikiwa saratani ni ndago, na ndago imechimbwa yote, hii nyingine imetoka wapi?

Daktari Bernard Fisher wa Pittsburgh, Marekani, alifanya uchunguzi mwingi kwa wanyama, akaona kwamba tezi si ukuta unaozuia saratani. Chembe za saratani huweza kupita katika damu tangu mapema. Kwa mfano wetu wa shamba, Fisher alisema saratani si ndago bali ni msufi. Mmewahi kuuona msufi wakati wake? Tumba likipasuka, upepo huchukua sufi pamoja na mbegu zake, ukazitupa mbali. Baada ya hapo, hata ukiukata mti na kuichimba ardhi yote iliyouzunguka, mbegu zilizokwenda zimekwenda. Na kama tumba halijapasuka, kuukata mti peke yake kwatosha. Huna haja ya kuchimba uwanja mzima.

Maneno ni maneno. Halsted alikuwa na maneno yake, na Fisher ana yake. Tutajuaje la kweli? Hapa ndipo pana mafundisho makubwa.

Tuseme mkulima anataka kujua kama mbegu mpya ya mahindi ni bora kuliko ya zamani. Akipanda mpya kwenye bonde lenye rutuba, na ya zamani juu ya mawe, halafu akavuna, amejua nini? Hakujua kitu. Amelipima bonde, hakuipima mbegu. Kadhalika na daktari: akiwapa upasuaji mdogo wale wenye uvimbe mdogo, na upasuaji mkubwa wale wenye uvimbe mkubwa, kisha akahesabu waliopona, hesabu yake haina maana. Dawa ya jambo hili ni kura. Wagonjwa wenye hali moja, baada ya kuelezwa na kukubali, hupigiwa kura: huyu upande huu, yule upande ule. Daktari hachagui, mgonjwa hachagui. Kisha hufuatwa miaka mingi na kuhesabiwa.

Fikirini ushujaa wa akina mama wale. Mtu ana saratani, naye anakubali kura iamue akatwe kiasi gani, ili wajukuu wa watu wengine wajue la kufanya. Madaktari wengi waliona ni dhambi kumkata mgonjwa kidogo. Lakini kazi ikaanza.

Mwaka 1971 Fisher na wenzake walianza kuwaandika wanawake, wakafika zaidi ya 1,600. Wengine walikatwa kwa namna ya Halsted; wengine walikatwa titi tu, misuli ikaachwa; na baadhi ya hao waliongezewa mionzi. Walifuatwa miaka 25. Waliokatwa sana hawakuishi zaidi ya waliokatwa kidogo.

Katika Milano, Italia, daktari Umberto Veronesi alikwenda mbele zaidi. Kati ya mwaka 1973 na 1980 wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2 walipigiwa kura. Nusu walikatwa kama alivyofundisha Halsted. Nusu ya pili walitolewa robo tu ya titi pamoja na tezi za kwapani, kisha wakapewa mionzi. Baada ya miaka 20 waliokufa walikuwa karibu sawa pande zote mbili.

Mwaka 1976 Fisher alianza jaribio jingine, kubwa zaidi, la wanawake zaidi ya 1,800. Kundi la kwanza walikatwa titi zima. La pili walitolewa uvimbe tu pamoja na nyama kidogo iliyouzunguka. La tatu walitolewa uvimbe, wakaongezewa mionzi. Makundi yote yalitolewa tezi za kwapani. Baada ya miaka 20 hapakuwa na kundi lililoishi zaidi ya jingine. Lakini sikilizeni vizuri hapa. Katika wale waliotolewa uvimbe bila ya mionzi, saratani ilirudi katika titi lile lile kwa 39 katika kila 100. Waliopewa mionzi ilirudi kwa 14 katika kila 100. Maana yake, kisu kidogo chataka mwenzake, nao ni mionzi. Andikeni neno hilo, tutalirudia.

Mwaka 1994 watu walishtuka. Ilitangazwa kwamba daktari mmoja wa Canada, aliyekuwa akiwaandikisha wagonjwa katika majaribio hayo, alikuwa amebadili maandishi ya baadhi yao. Akina mama wakauliza, "Je, tumedanganywa?" Hesabu ikafanywa upya, na wagonjwa wake wote wakaondolewa. Jibu likawa lile lile. Hii ndiyo faida ya jambo lililopimwa katika hospitali nyingi na nchi zaidi ya moja: likiharibika shamba moja, mengine yabaki kushuhudia.

TEZI YA BAWABU

Baadaye madaktari waligeukia kwapa. Walijiuliza, "Lazima tezi zote zitolewe?" Katika miaka ya 1990 walijifunza kudunga rangi ya buluu, au dawa yenye mionzi kidogo, katika titi, na kuangalia ni tezi ipi inayoipokea kwanza. Tezi hiyo ni kama bawabu wa mlango: saratani ikiingia kwapani, yeye ndiye wa kwanza kuiona. Hutolewa yeye, pengine na wenzake wawili watatu, wakachunguzwa kwa hadubini. Bawabu akiwa safi, tezi nyingine huachwa. Jaribio la wanawake zaidi ya 5,600, lililotangazwa mwaka 2010, lilionyesha kwamba wale walioachiwa tezi zao hawakupungukiwa na maisha. Na mikono yao haikuvimba kama ya wenzao.

SI TITI PEKE YAKE

Mafundisho haya yalifika kwenye viungo vingine. Mtu akipata uvimbe mbaya katika nyama ya mguu, zamani shauri lilikuwa moja tu: mguu ukatwe. Mwaka 1982 madaktari wa serikali ya Marekani walitangaza jaribio la watu 43. Watu 16 walikatwa kiungo; 27 walitolewa uvimbe na kupewa mionzi, kiungo kikabaki. Waliokatwa hawakuishi zaidi.

Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki liko jambo la kujivunia. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya unaokua upesi mno. Kuukata hakukusaidia, uliwaharibu watoto uso, kisha ukarudi. Badala ya kunoa kisu zaidi, Burkitt aliuliza, "Ugonjwa huu uko wapi, na hauko wapi?" Mwaka 1958 aliandika habari zake. Mwaka 1961, pamoja na wenzake wawili, alisafiri kwa gari maili 10,000 hivi kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, akiuliza kila hospitali. Aliona kwamba ugonjwa hupatikana katika nchi zenye joto na mvua, na kwenye milima yenye baridi haupo. Mwaka 1964 wataalamu wa London walikuta kirusi katika chembe za uvimbe huo. Na dawa za mshipa zikaonekana kuuyeyusha uvimbe ambao kisu kiliushindwa. Huyu alikuwa mpasuaji, naye alijua wakati wa kukiweka kisu chini.

MAMBO YA KUSHIKA

Sasa turudi kwa mama yetu aliyekaa kimya na kokwa yake. Tumwambie nini?

Kwanza, uvimbe mwingi wa titi si saratani. Lakini hakuna mtu awezaye kujua kwa kupapasa tu. Hospitalini wataupima, na mara nyingi watachukua kipande kidogo kwa sindano. Sindano hiyo haiamshi ugonjwa.

Pili, wasemao kisu hueneza saratani wameona jambo la kweli, ila wamelieleza vibaya. Wamemwona jirani akikatwa, kisha akafa. Lakini jirani yule alikwenda hospitali tumba limekwisha pasuka. Mbegu zilipeperuka kabla kisu hakijafika.

Tatu, kisu kidogo ni haki ya aliyewahi. Wanawake wa Milano walikuwa na uvimbe usiozidi sentimita 2. Anayekuja na kidonda kilichotoboka hawezi kutolewa uvimbe tu akaenda zake, ingawa siku hizi dawa za mshipa zaweza kuupunguza uvimbe kabla ya kukatwa.

Nne, tulirudie neno letu la mionzi. Mashine zake haziko katika kila mji: kwa mfano, Dar es Salaam iko katika taasisi ya Ocean Road, na ziko Nairobi na Kampala pia. Mgonjwa hutibiwa kwa siku nyingi mfululizo. Kwa hiyo daktari akikuambia kwamba kwa hali yako, na kwa mahali unapokaa, ni heri titi lote liondolewe, usifikiri amekuonea. Kuacha titi na kukosa mionzi ni hatari kuliko kuliondoa. Lakini unayo haki ya kumwuliza, "Daktari, yawezekana nitolewe uvimbe tu? Mionzi nitaipata wapi?" Muulize ukiwa macho, kabla ya nusukaputi.

Tano, zijueni dalili: uvimbe mgumu, hata usiouma; ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa; chuchu iliyoanza kuingia ndani; damu itokayo katika chuchu; uvimbe wa kwapani. Ukiona mojawapo usingoje mavuno, usingoje harusi ya mtoto. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nanyi akina baba, mkeo akikuambia, "Nimeona kitu," jibu lako ni moja: "Twende wote."

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini upasuaji wa Halsted ulionekana mzuri, na kwa nini haukuwaponya wagonjwa wengi?

2. Elezeni tofauti ya saratani kama ndago na saratani kama msufi.

3. Kwa nini madaktari walitumia kura badala ya kuchagua wenyewe? Toeni mfano mwingine kutoka mashambani.

4. Katika kijiji chenu, ni nini kinachowazuia akina mama kwenda hospitali mapema: nauli, woga, waume, au nini? Kikundi kinaweza kufanya nini juma hili?

Swali la nne ndilo kubwa. Msiliache mpaka mmepata jibu. Kwaherini, mpaka juma lijalo.